Pumzi ya Sekunde Kumi: Kisa cha Mama wa Malindi na Habari za Corona

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea Malindi kati ya Machi 2020 na katikati ya mwaka 2021. Mhusika ni mama mjane mwenye umri wa miaka 60 na ushei, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitunza nyumba ya Wataliano wawili wazee, mume na mke, upande wa Casuarina. Kwa kadiri ilivyowezekana kujulikana, hakuugua corona katika kipindi hicho, wala hakuna aliyeugua nyumbani kwake. Hata hivyo, kwa miezi mitatu hivi alikuwa mgonjwa wa kweli: usingizi ulimpotea, mwili ulimpungua, moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu, na mara mbili watoto wake waliamini kwamba anakata roho. Jina lake na alama nyingine za kumtambulisha zimeachwa. Amekubali kisa kielezwe kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, si yeye peke yake yaliyomfika, ila wengine wameyaficha.

Ni vigumu kulielewa jambo hili bila kukumbuka jinsi Malindi ilivyofungamana na Italia. Tangu mradi wa anga wa San Marco ulipoanzishwa Ngomeni katika miaka ya 1960, Wataliano wamejenga, wameoa, wamefungua mikahawa na kuzikwa hapa, na si ajabu kumkuta dereva wa tuktuk ambaye Kiingereza kinampiga chenga lakini Kitaliano anakiongea kama maji. Kwa hiyo ugonjwa ulipobainika Codogno, katika jimbo la Lombardia, mwishoni mwa Februari 2020, habari ile haikufika Malindi kama ilivyofika Kitale au Garissa. Huku ilikuwa habari ya watu wenye majina, watu ambao nguo zao za kitani zilikuwa bado zimekunjwa kabatini zikisubiri msimu ujao.

Matajiri wa mama huyu waliondoka mwanzoni mwa Machi, kama walivyozoea kila mwaka kabla ya masika. Siku chache baadaye Italia nzima ikafungwa. Tarehe 13 Machi Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza nchini Kenya, na tarehe 18 ya mwezi huo huo yakaonekana magari ya jeshi yakiondoa majeneza katika mji wa Bergamo kwa sababu mahali pa kuchomea maiti palikuwa pamelemewa. Wakenya wengi waliiona picha ile kwa sekunde chache katika taarifa ya habari ya saa moja, kisha taarifa ikaendelea na mengine. Yeye aliipokea kutoka kwa bibi tajiri wake, ikiwa na maneno mawili ya Kitaliano chini yake, na asubuhi yake alipokwenda kupangusa vumbi kwenye ile nyumba aliwasha televisheni ya dishi sebuleni akaitazama tena, kwa urefu, kwa lugha anayoielewa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Siku hiyo kazi ya saa mbili ilimchukua kutwa. Kesho yake vivyo hivyo.

Hapo ndipo pa kuanzia uchambuzi. Mama huyu hakuwa akipata habari moja, bali mifereji mitatu ya habari iliyokuwa ikimwagika mahali pamoja bila kujuana. Wa kwanza ulikuwa wa Italia, wenye sura, vilio, madaktari waliochubuka nyuso kwa barakoa, na kurasa za tanzia zilizojaza gazeti la Bergamo. Wa pili ulikuwa wa serikali ya Kenya, nao ulikuwa wa hesabu na amri: sampuli kadhaa zimepimwa, kadhaa wamethibitishwa, kafyu kuanzia tarehe 27 Machi saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ibada za pamoja zimesitishwa. Wa tatu ulikuwa vikundi vya WhatsApp, cha ukoo, cha chama na cha wazazi wa madrasa, ambako ujumbe wa sauti wa mtu asiyejulikana ulipewa uzito sawa na wa daktari. Ni humo ulimopita ule uvumi ulioenea sehemu nyingi za nchi, kwamba mtoto mchanga amezaliwa akasema watu wanywe strungi, chai isiyo na maziwa, kabla ya alfajiri. Ni humo pia ulimopita ujumbe wa pumzi, ambao kwa maoni yangu ulimdhuru zaidi kuliko mengine yote, ingawa ndio ulioonekana wa kitaalamu.

Ujumbe ule ulizunguka dunia nzima. Ulisema kwamba mtu akivuta pumzi na kuizuia kwa sekunde kumi bila kukohoa wala kubanwa, mapafu yake ni mazima. Shirika la Afya Duniani lilikanusha mapema, lakini kanusho ni kama mtu anayekimbiza basi lililokwisha kuondoka. Mama huyu aliuamini kwa sababu haukumtaka kununua chochote wala kumwomba mtu ruhusa. Kila usiku baada ya Isha alikaa ukingoni mwa kitanda, akaikazia macho saa ya ukutani yenye picha ya Makka, akajaza kifua na kuanza kuhesabu. Wiki ya kwanza alifika kumi bila taabu, akalala. Wiki ya pili alifika kumi, akajiuliza kama hakudanganya kidogo, akarudia. Kufikia katikati ya Aprili alikuwa akirudia mara nyingi kila usiku, na kila akirudia ndivyo alivyoshindwa mapema zaidi: kwenye nane, kwenye saba, hadi siku moja alipofika tano akaachama, mikono ikamfa ganzi, akamwita bintiye, "Mwanangu, pumzi yangu haitoshi."

Kilichokuwa kikitokea mwilini kinaelezeka. Mtu mwenye hofu hupumua kwa kasi na kwa juu juu, akatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake ni ganzi ya vidole na pembeni mwa mdomo, kizunguzungu, kifua kubana, na hisia ya ajabu kwamba hewa imekwisha ilhali imejaa tele. Aliyekwisha kuwa katika hali hiyo mara nyingi hushindwa kuzuia pumzi kwa muda mrefu, hata mapafu yake yawe mazima kama ya mpiga mbizi, ilhali kijana mwenye virusi na asiye na dalili anaweza kufika sekunde kumi bila shida. Kwa hiyo kipimo kilikuwa kikipima hofu, kikampa jibu la ugonjwa, na jibu lile likazidisha hofu ya kupimwa usiku uliofuata. Zaidi ya hayo, redio ilikuwa ikitaja "kupumua kwa shida" miongoni mwa dalili kila baada ya muda, na yeye sasa alikuwa nayo, tena mbele ya mashahidi.

Mtu atauliza kwa nini hakwenda hospitali. Jibu lake lilikuwa fupi: aliogopa karantini kuliko maradhi. Hofu hiyo haikutokana na uvumi. Katika majuma yale ya mwanzo watu waliowekwa karantini walitakiwa kujilipia gharama wenyewe, na serikali yenyewe ikatangaza kwamba wanaovunja kafyu nao watapelekwa karantini siku 14. Neno lililokuwa la tiba likawa la polisi. Kisha katika Aprili ikasambaa video ya mazishi ya usiku wa manane huko Siaya, maiti ikiteremshwa kaburini bila jeneza, na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, upesi upesi kama watu wanaoficha kitu. Kwa mama wa Kiislamu, ambaye sanda bila jeneza si jambo geni, kilichomtisha ni kuona hakuna aliyeosha maiti wala aliyeswalia. Alichokuwa akikisikia katika taarifa zote, alisema baadaye, ni kwamba akienda kupimwa atachukuliwa, atafia kusikojulikana, na hataoshwa. Hakuna afisa aliyewahi kutamka maneno hayo, lakini ukizipanga taarifa za majuma yale jinsi zilivyomfikia, ni vigumu kusema kwamba alizielewa vibaya.

Jambo jingine lilikuwa jina la kaunti. Kuanzia tarehe 8 Aprili safari za kuingia na kutoka Kilifi zilizuiwa, pamoja na za Mombasa na Kwale, na katika taarifa za kila siku "Kilifi" ikatajwa tena na tena miongoni mwa sehemu zenye maambukizi. Kilifi ya kwenye taarifa huanzia Mtwapa, mlangoni mwa Mombasa, hadi kupita mto Sabaki. Kutoka Mtwapa hadi Malindi ni takriban kilomita 100. Msikilizaji wa Malindi aliposikia Kilifi ina wagonjwa wapya hakuwa na namna ya kujua kama ni mtaa wa pili au ni mwendo wa saa mbili kwa matatu, naye asiyejua huiweka hatari pale anapolala. Mama huyu alianza kuhesabu majirani waliokohoa. Akaacha kukaa barazani. Muuza samaki aliyempitishia changu kwa miaka mingi akaambiwa aweke samaki kwenye kizingiti aondoke, na yule bwana, ambaye naye alikuwa na hofu zake na deni lake, alilichukulia kuwa dharau.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine wamelifuatilia jambo la namna hii kwa miaka mingi. Baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013 walikuta kwamba watu waliofuatilia habari za tukio lile kwa saa sita au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata walikuwa na mshtuko mkubwa zaidi kuliko hata watu waliokuwepo kwenye tukio lenyewe. Utafiti wao wa baadaye ulionyesha jinsi mambo yanavyozunguka: anayefuatilia sana huumia, na aliyeumia hufuatilia zaidi tukio linalofuata. Ni halali kusema kwamba mwenye wasiwasi wa asili ndiye anayetafuta habari, si habari zinazomtia wasiwasi, lakini huo mzunguko wenyewe unaonyesha kwamba yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika ushauri wake wa Machi 2020, liliwaambia watu wapunguze kufuatilia habari zinazowatia dhiki, wazitafute mara moja au mbili kwa siku kutoka vyanzo vya kuaminika.

Ushauri huo ni wa busara, na nyumbani kwa mama huyu ulijaribiwa. Haukufaulu, na namna ulivyoshindwa inafundisha kuliko ungefaulu. Bintiye, aliyekwisha kuchoka na mikesha, alimwambia, "Mama, hebu iache hiyo simu," kisha akaichukua akaifungia kabatini. Siku tatu mama alikaa kimya, kila mtu akadhani ametulia. Kumbe bwana tajiri wake alikuwa amelazwa hospitali moja ya Lombardia, na katika siku zile tatu mkewe alikuwa akimwandikia kila jioni hali ya mgonjwa. Simu ilipofunguliwa, ujumbe wa mwisho ulikuwa wa msiba.

Nadhani hapa ndipo familia, na pengine wengi tulioshauri watu wakati ule, tulipochanganya mambo mawili. Kwa mama huyu habari za Italia zilikuwa mchanganyiko wa hofu na kihoro: hofu juu yake mwenyewe, na kihoro juu ya mtu aliyemfahamu kwa miaka mingi, aliyemtania kwa Kiswahili kibovu na kumlipia mjukuu karo. Hofu ilihitaji kupunguziwa kuni. Kihoro kilihitaji watu, kilio na matanga, na hakikuwa na pa kwenda. Hakuna aliyekuja kumpa pole, kwa kuwa mtaani hakuna desturi ya kumpa mtumishi pole ya tajiri wake, na kafyu ilikuwa imekwisha kuvunja hata matanga ya watu wa damu. Baada ya msiba ule ndipo alipopatwa na lile shambulio la pili, usiku, akipumua kama aliyekimbizwa, na ndipo alipokubali kupelekwa zahanati asubuhi.

Kwenye zahanati mambo yalikuwa ya kawaida mno. Hakuwa na homa wala kikohozi. Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni 98. Afisa wa kliniki alimwonyesha ile namba, akamweleza kwamba kuanzia 95 kwenda juu ni sawa, kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu Machi: nani amefiwa? Alilia kwa muda mrefu. Hakupewa dawa ya usingizi. Aliambiwa akome kuzuia pumzi, na akibanwa afanye kinyume chake, atoe pumzi polepole kuliko anavyoivuta. Lilipotajwa suala la kumwona mtaalamu wa maradhi ya akili, ilikumbukwa hospitali ya Port Reitz ya Mombasa, ambako watu wengi wa Pwani huelekezwa, lakini kati ya Kilifi na Mombasa kulikuwa na vizuizi na hakuna aliyetaka kuanza kutafuta ruhusa ya safari kwa mama ambaye oksijeni yake ni 98. Huo ndio uzito unaopewa maradhi yasiyoonekana kwenye kifaa, na si Malindi tu: ripoti ya jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dakta Frank Njenga ilipotoka Julai 2020, ilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Waliomsaidia baadaye walikuwa wawili. Mmoja ni kijana mhudumu wa afya ya jamii, ambaye alianza kupita kila baada ya siku chache, akasimama nje ya mlango na barakoa yake. Hakuleta habari njema. Mara nyingine alileta mbaya. Tofauti ni kwamba aliulizika. "Shangazi, hao wa leo si wa mtaa huu," angesema pale alipojua, na pale asipojua alisema atauliza, akarudi na jibu. Mwingine ni imamu wa msikiti wa karibu, uliokuwa umefungwa kama misikiti yote. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili, tarawehe zikaswaliwa majumbani, naye akatuma kwenye kikundi ujumbe wa sauti kuhusu maiti: kwamba kuosha kunapoleta hatari kuna njia za kisheria za kutekeleza haki ya maiti bila kumdhuru muoshaji, na kwamba katika hadithi mashuhuri aliyekufa kwa tauni huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Mama huyu aliusikiliza ujumbe huo mara nyingi zaidi kuliko alivyotazama magari ya Bergamo. Hofu ya kutooshwa, ambayo hakuna daktari aliyejua kwamba ipo, ilipungua kwa dakika nne za sauti ya mtu anayemfahamu.

Simu alirudishiwa. Walichokubaliana na bintiye ni kwamba dishi la Casuarina lisiwashwe, na taarifa ya serikali aisikilize mchana, si usiku. Mazungumzo na mjane wa Italia yaliachwa yaendelee, tena yalitiwa moyo. Usingizi ulirudi kwa vipande katika Juni. Julai zuio la safari lilipoondolewa alikwenda kwa dadake Mombasa akakaa wiki moja, na watoto wake wanasema alirudi akiwa mtu mwingine, ingawa yeye anasema alirudi akiwa na deni.

Deni hilo lisisahaulike, maana kuna kishawishi cha kuzitwisha habari lawama yote. Safari za ndege za kimataifa zilisitishwa tarehe 25 Machi hadi mwanzoni mwa Agosti, hoteli zikafungwa, na mshahara wake ukawa nusu, kisha ukakoma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na hakuna anayeweza kugawa asilimia hiyo aseme hii ni ya habari, hii ya njaa, hii ya msiba. Kwa mama huyu naweza kusema tu kwamba njaa haikumfanya aizuie pumzi. Tendo lile, na hofu ya kwenda hospitali, vilitoka moja kwa moja kwenye taarifa alizopokea.

Mwaka uliofuata mambo yalitaka kujirudia. Shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca, zaidi ya dozi milioni 1, iliwasili Kenya mapema Machi 2021. Tarehe 15 Machi Italia, pamoja na nchi nyingine kubwa za Ulaya, ikaisimamisha chanjo hiyo hiyo kwa sababu ya damu kuganda kwa watu wachache. Malindi ilipata habari hiyo kwa Kitaliano kabla ya kuipata kwa Kiswahili, na katika vikundi vya WhatsApp ikawa imekwisha kuandikwa kwamba Wazungu wameikataa ndiyo maana tumeletewa sisi. Kilichofuata hakikusambaa kwa kasi ile: tarehe 18 wakala wa dawa wa Ulaya ulisema manufaa yanashinda madhara, tarehe 19 Italia ikairejesha, na mwanzoni mwa Aprili ikapendekeza itumike hasa kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60, kwa kuwa tatizo lile adimu lilionekana zaidi kwa walio chini ya umri huo. Kwa mtu wa umri wake, habari ya Italia ikisomwa hadi mwisho ilikuwa ya kumhakikishia.

Safari hii aliisoma hadi mwisho. Alimpigia yule mhudumu, akamwandikia na mjane wa Italia, akangoja majibu yote mawili, na katika Aprili, zamu ya rika lake ilipofika, akaenda kuchanjwa akiwa na bintiye. Muda wa kusubiri dozi ya pili ulirefushwa hadi wiki 12, kwa sababu India ilikuwa imezuia chanjo kutoka nje ya nchi, na vikundi vikachacha tena kwamba dozi moja ni sumu bila ya pili. Mhudumu alimwandikia: "Shangazi, chanjo haijafika. Ikifika nitakupigia, na usiponisikia ujue bado." Alikaa na ujumbe huo hadi alipopigiwa, na katika wiki zote hizo, bintiye anasema, hakumsikia hata usiku mmoja akihesabu.